Mhariri, machozi yale sisi wenyewe tunayalia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika hapa majuma mawili yaliyopita kwamba vijana wa Kiafrika wanaotunga hadithi siku hizi "wanauza machozi". Alisema wanakusanya njaa, wendawazimu, misiba na watoto wa mitaani, wanavipamba kwa Kiingereza kizuri, kisha Wazungu wanawapa tuzo. Sina ugomvi naye. Ameandika kwa adabu na inaonekana ni mtu aliyesoma. Lakini mimi nimelia kwa sababu ya hadithi hizo, na si Mzungu, wala sijawahi kumpa mtu tuzo. Mimi ni dereva wa lori.

Naendesha semitrela kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi, na mwaka huu ni wa ishirini na mbili. Kwenda tunabeba makontena, kurudi tunabeba madini ya kopa. Watu wakituona barabarani wanadhani kazi yetu ni kuendesha, kumbe sehemu kubwa ya kazi hii ni kusubiri. Unasubiri bandarini, unasubiri kwenye mizani, unafika karibu na Tunduma unakuta foleni imeanzia Mpemba, na ukishavuka Nakonde na kuimaliza Zambia, unakwenda kusubiri tena Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Nimewahi kukaa siku sita mahali pamoja, gari halijasogea urefu wa uwanja wa mpira. Wenzangu wanacheza drafti, wengine wanalala, wengine wanakunywa. Mimi nasoma. Zamani nilisoma magazeti, hili lako likiwemo, mpaka matangazo ya minada. Miaka ya karibuni nasoma hadithi, na aliyenifikisha huko ni binti yangu, ambaye alisomea fasihi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Niruhusu nianzie mbali kidogo, kwa baba yangu.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Lupembe, Njombe. Nyumbani tulikuwa na vitabu tisa; naikumbuka idadi kwa sababu kuvifuta vumbi kila Jumamosi ilikuwa kazi yangu. Kimoja kilikuwa Shujaa Okonkwo, ile riwaya ya Chinua Achebe wa Nigeria ya mwaka 1958 ambayo Clement Ndulute aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1973. Baba alitusomea kwa mwanga wa koroboi, baada ya chakula, kurasa chache kila usiku. Nigeria hatukujua iko upande gani. Ikemefuna, yule mvulana wa kijiji kingine anayelelewa nyumbani kwa Okonkwo, tulimjua. Tulijua kwamba yeye na Nwoye, mtoto wa Okonkwo, wamekuwa ndugu, na kwamba anamwita Okonkwo baba. Usiku ule walipompeleka msituni, akapigwa pigo la kwanza, akamkimbilia Okonkwo amwokoe, na Okonkwo akachomoa panga, baba alifunga kitabu akatuambia tukalale. Hakusema kwa nini. Nikiwa nimejifunika blanketi nilimsikia jikoni akipenga kamasi. Ndipo nilipojua kwamba baba naye hulia, na kwamba maandishi yanaweza kumliza mtu ambaye msiba wa kweli sikuwahi kuona ukimliza.

Alifariki mwaka 2016. Nilikuwa Kasumbalesa, gari lina mzigo, nyaraka zimekwama. Simu ya kaka iliingia saa kumi alfajiri. Nilimwomba tajiri wa gari anitafutie dereva wa kunipokea, akasema hana. Nilifika Lupembe siku ya tano. Watu wamekwishatawanyika, udongo wa kaburi umekauka juu, na mashada yameanza kugeuka rangi.

Kilichonitesa baadaye sikukitegemea. Nilishindwa kuiona sura yake. Viganja vyake nilivikumbuka, na chaki iliyojaa kwenye mistari ya ngozi. Nilikumbuka koti lake la kaki na jinsi alivyoifunga suruali mguu wa kulia kwa kamba ya katani, isiumwe na mnyororo wa baiskeli. Sura haikuja. Naendesha usiku, nateremka Kitonga kwa gia ndogo, najaribu kumwona, naona koti halina mtu ndani. Picha yake pekee iliyobaki ni ya kitambulisho cha kazi, na muhuri wa bluu umepita kuanzia puani mpaka kidevuni. Sikumwambia mtu. Mtu mzima na familia yake, atamwambia nani kwamba amesahau sura ya baba yake mzazi?

Mwaka wa pili baada ya msiba, niko nyumbani Kimara, binti yangu yuko likizo, akaniambia, "Baba, kaa hapa nikusomee kitu." Ilikuwa hadithi fupi ya Okwiri Oduor, binti wa Kenya, iitwayo My Father's Head, iliyoshinda mwaka 2014 Tuzo ya Caine, ile ya Uingereza ya hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne kilichochanganyika na cha mpakani, kwa hiyo alikuwa anaisoma sentensi moja kimoyomoyo, kisha ananipa kwa Kiswahili. Inamhusu mwanamke anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Baba yake amekufa. Anajaribu kumchora, na kila kiungo kinachoreka isipokuwa kichwa. Hakumbuki kichwa cha baba yake kilikaaje. Anahangaika mpaka anamwita marehemu arudi, amwone tu. Marehemu anarudi kweli, na sasa binti hajui amrudisheje alikotoka.

Sikuisikiliza mpaka mwisho siku hiyo. Nilitoka nje nikasimama kwenye karo, nikafungua bomba nikawa nanawa uso usiokuwa na uchafu. Mama watoto alidhani nimegombana na mwanangu.

Sasa namuuliza msomaji mwenzangu: hapo aliyeuza machozi ni nani? Hadithi ile haina vita wala mtoto mwenye tumbo lililovimba kwa njaa. Ina mtu ambaye hakumbuki umbo la kichwa cha mzazi wake, basi. Jambo hilo nilikuwa nimelibeba miaka miwili nikipita nalo mizani zote kutoka Vigwaza mpaka Mpemba bila hata kujua kwamba lina uzito wa kuandikwa. Msichana ambaye hajawahi kuniona, mdogo kwangu kwa miaka mingi, alikuwa amekwishaliandika. Nilipomweleza binti yangu kwa nini niliinuka, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi na yeye kumzungumza babu yake vizuri. Akaniambia, "Babu alikuwa na kovu dogo juu ya sikio." Nilikuwa nimelisahau kovu lile. Alilipata kwa bati la darasa siku ya upepo.

Tangu hapo nikaomba zaidi, naye amekuwa akinipa. Mengine nasoma mwenyewe na kamusi, mengine ananisomea kwa Kiswahili, ananitumia sauti kwa WhatsApp.

Hadithi ya Makena Onjerika, Mkenya pia, iliyoshinda tuzo hiyohiyo mwaka 2018, ni ya watoto wa mitaani wa Nairobi, na najua msomaji mwenzangu akisikia "watoto wa mitaani" atasema si unaona. Lakini sikiliza inavyokwenda. Kuna msichana anaitwa Meri. Wenzake wanataka mengi kwa Mungu, Meri anataka soda kubwa ya Fanta Blackcurrant, ainywe kila siku na isiishe. Na anayesimulia si mtalii wala bwana wa shirika, ni "sisi", wale watoto wenyewe, wanaomhurumia Meri na kumwonea wivu kwa wakati mmoja kama ndugu wa tumbo moja. Binti yangu alinieleza kwamba Kiingereza cha hadithi ile kimevunjwa kwa makusudi, kinasikika kama mtoto anayefikiri kwa Kiswahili. Ndiyo maana alipokuwa akinisimulia alikataa neno "kutafsiri". Alisema anairudisha kwao.

Sauti ile niliisikiliza nikiwa na utingo wangu, kijana wa miaka ishirini na tatu. Amekaa nami karibu miaka minne, na kwa miaka yote hiyo nilichojua juu yake ni kwamba anatoka Mbeya, hana wazazi, na hakuna anayemshinda kufunga turubai. Sauti ilipokwisha alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Mimi nilikuwa namwomba Mungu soksi." Nikamuuliza soksi za nini. Akaniambia alilala stendi pale Mbeya tangu ana miaka tisa, na Juni na Julai baridi ya Mbeya inaingilia miguuni. Kulikuwa na mlinzi mmoja mwenye soksi nene za kijani, alizitamani zile soksi kuliko chakula. Aliniambia hivyo huku anaangalia taa za nyuma za gari lililo mbele yetu. Miaka karibu minne, Mhariri, tunakula sahani moja, na sikuwahi kumuuliza.

Riwaya iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni The Fishermen ya Chigozie Obioma wa Nigeria, iliyotoka mwaka 2015. Nilikwenda nayo miezi minne, Dar na Lubumbashi, kamusi iko kwenye dashibodi. Ni habari ya ndugu wanne wa mji wa Akure. Baba yao ni mfanyakazi wa Benki Kuu, anahamishiwa Yola, mbali, na anarudi nyumbani mara chache. Akiwa hayupo, wale wavulana wanaanza kwenda kuvua samaki kwenye mto uliokatazwa, wanakutana na mwendawazimu anayetabiri kwamba mkubwa wao atauawa na ndugu yake mwenyewe, na lile neno likishaingia ndani ya nyumba halitoki tena. Sitasimulia zaidi kwa ajili ya watakaosoma.

Wahakiki wamesema mengi juu ya kitabu hicho, kwamba kinazungumzia siasa za Nigeria, kwamba kina kivuli cha Biblia. Huenda ni kweli. Mimi nilisoma kitu kimoja tu: baba hayupo. Mtunzi hamlaani. Baba yule anawapenda wanawe, anatuma fedha, ana ndoto kwamba mmoja atakuwa daktari, mwingine rubani. Lakini hayupo, na nyumba inajifunza kuishi bila yeye, na inajifunza vibaya. Nilifika mahali fulani katikati ya kitabu nikiwa nimeegesha Kapiri Mposhi, nikapiga simu nyumbani saa tano usiku. Mama watoto aliogopa, akauliza kuna ajali? Nikamwambia nataka kusikia watoto wamelalaje. Safari ile nilipofika Dar sikulala mchana kutwa kama ilivyo kawaida yangu. Nilimwomba mwanangu wa kwanza wa kiume, wakati huo ana miaka kumi na sita, anisindikize kwa fundi viatu. Sikuwa na kiatu cha kushona. Nilibeba kizima nikakitoa uzi njiani. Tulitembea nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na njia nzima alinieleza mambo ambayo mama yake alikuwa anayajua na mimi siyajui.

Nisije nikaonekana natetea kila kitu. Wapo waandishi wanaorundika. Kuna kitabu kimoja sikukimaliza, sitakitaja, ambacho kabla ya ukurasa wa mia vilikuwa vimepita vita, ubakaji, UKIMWI na ukame, na nilikuwa bado sijui mhusika mkuu anacheka kwa namna gani. Na hoja ya msomaji mwenzangu si ngeni. Mwaka 2013 Helon Habila, ambaye naye ni mwandishi wa Nigeria, aliandika katika gazeti moja la Uingereza kuhusu riwaya ya NoViolet Bulawayo wa Zimbabwe, akilalamika kwamba waandishi wa siku hizi wanaigiza Afrika ya mateso kama vile wanapitia orodha. Binti yangu alinisomea hoja zake na sehemu yake naikubali. Lakini nikaisoma na ile hadithi fupi ya Bulawayo iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2011, ambayo ndiyo iliizaa riwaya. Ni ya watoto wanaotoka kwenye mabanda yao kwenda mtaa wa matajiri kuiba mapera. Kati yao yumo msichana wa miaka kumi mwenye ujauzito. Jambo hilo ni zito mno, na mtu angeweza kulipigia ngoma kutoka mwanzo hadi mwisho. Watoto wale wanalitaja kama wanavyotaja mengine, kisha wanarudi kwenye mapera, kwa sababu wana njaa na ni watoto. Hapo ndipo niliposhikwa. Kama wangelia wao, mimi nisingelia.

Nimefikiri sana juu ya hilo barabarani. Mtu akikuelezea msiba kwa ukubwa wake, unamwambia pole. Akikuonyesha ndala za marehemu zimebaki mlangoni, ile ya kushoto imelika kisigino, unakaa chini. Hawa vijana wanajua kuzitafuta ndala. Ndicho wanachotufanyia, na sioni kwa nini tuwaite wachuuzi.

Ila nina lalamiko, na si kwa waandishi. Baba yangu alitusomea Achebe kwa Kiswahili mwaka ambao sikujua hata kusema jina langu kwa Kiingereza. Kitabu kile kilitufikia kwa lugha yetu miaka kumi na mitano tu baada ya kuandikwa, wakati watu wa kawaida hawana kompyuta wala simu ya mkononi. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar, aliandika Paradise mwaka 1994. Tuliipata kwa Kiswahili mwaka 2022, ikiitwa Peponi, kwa tafsiri nzuri ya Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja baada ya mtunzi kupewa Tuzo ya Nobel. Miaka ishirini na minane, kwa kitabu kinachohusu pwani yetu wenyewe! Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa alitoa mwaka 2021 riwaya ya binti anayeingia baharini kumtafuta baba yake mvuvi, katika chombo kilichoundwa kwa mifupa, akiongozana na paka anayesema. Binti yangu alinisimulia nikasahau kula. Hadithi ya Mombasa, baba mvuvi, bahari yetu, na mimi ninayetaka kuisoma kwa Kiswahili naisubiri kama ninavyosubiri geti la Kasumbalesa.

Kwa wanaoandika kwa Kiswahili tangu mwanzo, najua jitihada zipo. Ipo Tuzo ya Safal-Cornell, ambayo ilianzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Nafurahi nikisoma habari za washindi. Lakini mshindi akishapigwa picha na hundi, mimi kitabu chake nakitafuta wapi? Nimeuliza stendi ya Makambako, nimeuliza Mafinga, nimeuliza Mbeya mjini. Nimeonyeshwa vitabu vya maombi, vitabu vya kutajirika na vya kujibia mitihani. Dereva ana fedha ya kitabu mfukoni na siku nne za kusubiri, na hakuna wa kumuuzia.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni hili. Zamani magazeti ya Kiswahili yalikuwa na hadithi ya kuendelea, na watu walilinunua gazeti kwa ajili yake. Turudishie. Tupe ukurasa mmoja kila Jumamosi, hadithi fupi ya kijana wa hapa anayeandika kwa Kiswahili wiki moja, na wiki inayofuata hadithi ya kijana wa Kampala, Lagos au Harare iliyotafsiriwa, kwa ruhusa ya mwenyewe na akilipwa haki yake, na mfasiri naye alipwe. Watafsiri wapo. Mmoja namlea mimi, na vyuo vyetu vinatoa wengine kila mwaka, ambao wanaishia kuuza laini za simu. Na usiogope kwamba sisi wasomaji wa kawaida hatutazielewa. Tumeelewa soksi.

Naandika barua hii nikiwa Mpemba. Foleni haijasogea tangu jana mchana. Jana usiku binti yangu alitutumia nusu ya kwanza ya hadithi ya Lidudumalingani wa Afrika Kusini, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2016, ya msichana na dada yake ambaye akili zake zinavurugika. Kijijini wanaamini ni mapepo, na wamekubaliana kumpeleka kwa mganga anayetibu watu kwa moto. Yule mwenye akili timamu ameamua kumtorosha dada yake. Sauti ilikatika wakiwa wanatoka nyumbani gizani.

Utingo amekuja dirishani mara tatu tangu asubuhi kuuliza kama wamefika salama. Nimemwambia mtandao wa huku ni mbovu, itaingia usiku. Amesema basi atalala kwenye kiti, asiikose.

Wako msomaji,
Dereva wa masafa marefu,
Kimara, Dar es Salaam.